Ukatili usioacha kovu: Dalili za mtoto aliyetelekezwa na mahali pa kukimbilia Kilosa na Mikumi

Mei 2014, majirani katika mtaa mmoja wa Manispaa ya Morogoro walitoa taarifa kwa uongozi wa mtaa kwamba kuna mtoto anafichwa ndani ya nyumba. Viongozi walipofika, walimkuta mtoto wa miaka minne akiishi ndani ya boksi. Mama yake alifariki dunia mtoto akiwa bado mchanga, na ndugu ndio waliobaki na jukumu la kumlea. Taarifa za wakati ule zilieleza kuwa hali hiyo ilidumu kwa zaidi ya miaka mitatu.

Mtoto alipelekwa hospitali ya mkoa, kisha Hospitali ya Taifa Muhimbili jijini Dar es Salaam. Alifariki dunia Juni 1, 2014. Nchi nzima ilimfahamu kwa jina la “mtoto wa boksi”, na waliokuwa na wajibu wa kumtunza walifikishwa mahakamani.

Wakati ule mjadala mkubwa ulikuwa juu ya adhabu. Lakini kwa mzazi na jirani, kuna jambo jingine la kujifunza katika tukio lile. Mtoto yule hakuharibikiwa kwa siku moja. Alikosa chakula cha kutosha, jua, matibabu, michezo na mtu wa kuzungumza naye, mwezi baada ya mwezi. Huo ndio utelekezaji. Hauna kelele za kipigo, mara nyingi hauachi kovu, na mtu wa kwanza kuuona si polisi wala daktari. Ni jirani.

Ndiyo maana katika Wilaya ya Kilosa, ndani ya mkoa huo huo wa Morogoro, kila mzazi anapaswa kufahamu mambo matatu: ukatili dhidi ya mtoto ni nini hasa, dalili zake ni zipi, na pa kuanzia ni wapi, awe anaishi Kilosa mjini, Mikumi au katika vijiji vilivyo kati ya miji hiyo.

Aina nne za ukatili

Watu wengi wakisikia neno ukatili hufikiria fimbo au ubakaji. Wataalamu wa ustawi wa jamii hutaja aina nne.

Ya kwanza ni ukatili wa kimwili: kumpiga mtoto hadi kumjeruhi, kumchoma moto, kumfunga kamba, kumwagia maji ya moto, au kumpa adhabu inayozidi umri na uwezo wa mwili wake.

Ya pili ni ukatili wa kingono: kumbaka, kumlawiti, kumshikashika sehemu za siri, kumwonyesha picha au video za ngono, au kumtumia kujipatia kipato kwa njia hiyo. Mtoto aliyekubali kwa kupewa zawadi, chipsi au lifti ya bodaboda bado ni mtoto aliyefanyiwa ukatili. Sheria haimhesabii ridhaa.

Ya tatu ni ukatili wa kihisia: matusi ya kila siku, kumdhalilisha mbele ya wenzake, kumtishia kumfukuza, kumwambia yeye ni mkosi au mzigo, kumbagua mezani na kwenye mavazi kwa sababu si mtoto wa kuzaa.

Ya nne ni utelekezaji: mzazi au mlezi mwenye uwezo anashindwa kumpatia mtoto chakula, mavazi, malazi, matibabu, elimu na uangalizi. Hapa pia anaingia mtoto mdogo anayeachwa peke yake kwa siku nzima, au mtoto mgonjwa asiyepelekwa zahanati mpaka hali inakuwa mbaya.

Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009, na matokeo yake kutolewa mwaka 2011, ulionyesha ukubwa wa tatizo. Karibu wasichana watatu kati ya 10 wenye umri wa miaka 13 hadi 24 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Kwa wavulana ilikuwa takriban mmoja kati ya saba. Karibu robo tatu ya vijana wote, wa kike na wa kiume, walisema walipata ukatili wa kimwili utotoni.

Takwimu ya wavulana isipuuzwe. Wazazi wengi humchunga binti na kumwacha mtoto wa kiume alale popote, na mtu yeyote, kwa imani kwamba “huyu ni mwanamume, hana cha kupoteza”. Imani hiyo huwapa wahalifu nafasi.

Umaskini si utelekezaji

Hofu moja huwazuia watu kutoa taarifa: “Nikimripoti jirani, nitakuwa namwadhibu kwa umaskini wake.” Hofu hiyo ina msingi, na ni vyema tofauti ikaeleweka.

Mama anayepika mlo mmoja kwa siku kwa sababu mvua ilikataa na mahindi yakakauka hajamtelekeza mtoto. Baba ambaye hajanunua sare mpya kwa sababu amekosa kibarua hajamtelekeza mtoto. Familia hizi zinahitaji msaada, si kesi. Zipo njia za msaada, ukiwamo Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaosimamiwa na TASAF, ambao walengwa wake hupatikana kupitia mikutano ya vijiji. Elimu ya msingi na sekondari katika shule za Serikali haina ada, na kwa mujibu wa sera ya afya, watoto wa chini ya miaka mitano hutibiwa bila malipo katika vituo vya Serikali.

Utelekezaji ni pale ambapo uwezo upo, hata kama ni mdogo, lakini mtoto hafikiwi nao. Baba ana mshahara au mazao, lakini watoto wa mke wa kwanza hawaoni hata kilo ya unga. Mlezi anapokea fedha za matumizi zinazotumwa na mama aliye mjini, lakini mtoto anashinda na njaa. Ndani ya nyumba moja watoto wanne wananawiri na mmoja amekonda, naye ndiye anayeteka maji na kuosha vyombo vya wote.

Tofauti ya mtoto mmoja na wenzake ndani ya nyumba ile ile ni dalili nzito. Njaa ya umaskini huwagusa wote. Njaa ya ubaguzi huchagua.

Maisha ya Kilosa na Mikumi yanavyomweka mtoto hatarini

Kilosa ni wilaya ya wakulima na wafugaji. Mpunga unapokaribia kukomaa, mashamba huhitaji mtu wa kufukuza ndege tangu alfajiri hadi jioni, na kazi hiyo mara nyingi huangukia watoto. Wiki tatu za kulinda ndege ni wiki tatu za kukosa shule. Katika jamii za wafugaji, mtoto wa kiume huweza kushinda machungani siku nzima.

Mtoto kusaidia kazi za nyumbani na shambani ni sehemu ya malezi, na sheria haikatazi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia umri wa miaka 14, isiyodhuru afya, makuzi wala masomo. Inakataza kazi za kinyonyaji, na kazi za usiku kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kwa hiyo swali la kujiuliza si kama mtoto anafanya kazi, bali kazi hiyo inamnyima nini.

Msimu wa kilimo una hatari nyingine. Wapo wazazi wanaohamia shambani kwa wiki kadhaa na kuwaacha watoto nyumbani chini ya dada yao wa miaka 11 au 12. Mzazi huamini ameacha unga, mboga na maelekezo. Lakini binti huyo hawezi kuzuia mtu mzima anayegonga mlango usiku, wala hajui la kufanya mdogo wake akipata homa kali. Kabla ya kuondoka, mzazi amkabidhi mtu mzima mmoja anayemwamini na ambaye watoto wako huru naye, amjulishe mwalimu, na apange kurudi kukagua mara kwa mara.

Mikumi ina mazingira yake. Mji uko kwenye barabara kuu ya kwenda Iringa, Mbeya na Zambia, kando ya Hifadhi ya Taifa. Malori na mabasi husimama, na penye abiria pana biashara. Mtoto anayetembeza ndizi, karanga au mahindi ya kuchoma stendi hadi usiku hukutana na wasafiri ambao kesho hawatakuwapo. Mtu akimdhuru, kumpata ni vigumu. Binti anayefanya kazi kwenye gesti, baa au kwa mama lishe akiwa na miaka 13 yuko katika hatari hiyo hiyo, hata kama mwajiri wake ni shangazi.

Katika ukanda wa miwa wa Ruhembe, Kidodi na Ruaha, vibarua wa msimu huja na kuondoka. Wanaoondoka wakati mwingine huacha watoto nyuma, na mama hubaki akimtafuta baba ambaye namba yake ya simu haipatikani tena.

Kuna pia suala la ukoo. Kwa Wakaguru na Wasagara, kama ilivyo kwa Waluguru, mtoto kwa desturi huhesabiwa upande wa mama, na mjomba ana sauti kubwa. Desturi hiyo imewaokoa watoto wengi wazazi wanapotengana au kufariki dunia, kwa sababu mtoto hakosi kwao. Lakini mtoto anapozungushwa kutoka kwa bibi kwenda kwa mama mkubwa, kisha kwa mjomba, huweza kufika mahali ambapo kila mmoja anadhani mwingine ndiye anayemwangalia. Ukoo unapompokea mtoto, vikao visiishie kusema “huyu ni wetu”. Atajwe kwa jina mtu atakayemlisha, atakayempeleka kliniki na atakayeitwa shuleni.

Dalili za kuangalia

Hakuna dalili moja inayothibitisha ukatili peke yake. Lakini dalili mbili au tatu zikiambatana, au mtoto akibadilika ghafla, mtu mzima asipite kimya.

Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano: uzito usioongezeka au unaoshuka kwenye kadi ya kliniki, chanjo zilizokatishwa, vidonda visivyotibiwa, kutocheza, kutolia hata anapoumia, au kumng’ang’ania mtu yeyote mgeni. Mtoto ambaye haonekani kabisa nje kwa wiki nyingi naye ni wa kuulizia.

Kwa mwanafunzi: kulala darasani, njaa ya kila siku, sare chafu wakati wadogo zake ni wasafi, utoro wa siku zile zile kila wiki, kuogopa kengele ya kurudi nyumbani, alama za fimbo mgongoni na mapajani, na majeraha ambayo kila mara “alianguka”.

Kwa ukatili wa kingono: maumivu wakati wa kwenda haja au kutembea, damu au uchafu kwenye nguo ya ndani, kukojoa kitandani wakati alishaacha, ndoto za kutisha, kuwa na fedha au vitu visivyojulikana vilikotoka, kuzungumza au kucheza mambo ya ngono yanayozidi umri wake, na kumkwepa mtu mmoja ambaye awali alimpenda. Mara nyingi mtu huyo ni wa karibu: ndugu, jirani, mwalimu, mpangaji, rafiki wa familia.

Kwa kijana: kutaka kutoroka nyumbani, kujikata au kujidhuru, kunywa pombe, kujitenga na wenzake, au kushuka ghafla kimasomo.

Mtoto akikuambia

Mtoto huchagua siku na mtu. Akianza kusema, acha unachofanya umsikilize. Usipige kelele, usimkatize, na usimuulize “kwa nini hukupiga kelele?” au “ulifuata nini kule?” Maswali hayo humfanya ajione mkosaji, na huenda asiseme tena.

Mwambie maneno matatu ya msingi: nimekuamini, si kosa lako, nitatafuta msaada. Usimwahidi kuwa itakuwa siri, kwa sababu utalazimika kuwaambia wanaoweza kumlinda. Usimhoji mara nyingi, wala usimlazimishe kurudia kisa mbele ya mashangazi na majirani. Na usimkabili mtuhumiwa mbele ya mtoto. Anaweza kutoroka, kumtisha au kuharibu ushahidi.

Kama ni ukatili wa kingono, usimwogeshe mtoto na usifue nguo zake. Zihifadhi kwenye mfuko wa karatasi au kitambaa safi, si wa plastiki, kwa sababu plastiki hutunza unyevu na kuharibu ushahidi. Mfikishe hospitali mapema iwezekanavyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hufanya kazi zikianza ndani ya saa 72, na kila saa inayopita hupunguza nafasi ya mafanikio. Binti aliyevunja ungo anaweza pia kupewa dawa ya kuzuia mimba, ambayo nayo inahitaji kuwahi.

Saa 72 ni siku tatu tu. Familia inayokaa vikao siku nne kujadili jina la ukoo imempotezea mtoto kinga ambayo haiwezi kurudi.

Pa kuanzia

Makao makuu ya wilaya yapo Kilosa mjini, na si kila mtu ana nauli ya kufika huko kutoka Mikumi, Malolo au Kidodi. Habari njema ni kwamba si lazima kuanzia huko. Mlango wowote kati ya hii inayofuata unatosha.

*Mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji au kata.* Hawa ndio walio karibu. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto kinampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa kwa mamlaka ya serikali ya mtaa endapo ana habari kwamba haki za mtoto zinavunjwa, au mzazi mwenye uwezo anakataa kumtunza mtoto. Ni wajibu, si umbea. Tangu kuanza kwa Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto, maarufu MTAKUWWA, mwaka 2017, vijiji na kata vimetakiwa kuwa na kamati za ulinzi wa wanawake na watoto. Uliza kamati ya kwenu ina akina nani.

*Afisa ustawi wa jamii.* Huyu ni mtumishi wa halmashauri mwenye jukumu la kuchunguza hali ya mtoto, kuzungumza na familia, kutafuta mahali salama pa muda na kuandaa taarifa ya mahakama. Ikibidi mtoto atolewe nyumbani, ndugu wa karibu huangaliwa kwanza, au mlezi wa kuaminika aliyeandaliwa kwa kazi hiyo. Kupelekwa makao ya watoto huwa njia ya mwisho. Kwa hiyo dhana kwamba “ustawi watawachukua watoto wote” isimzuie mtu kuomba msaada.

*Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi.* Hapa kesi hupokelewa faraghani na askari waliopewa mafunzo. Ukikuta kituo hakina dawati, askari wa zamu anapaswa kupokea taarifa yako. Omba fomu ya PF3 kwa ajili ya uchunguzi wa daktari, na uandike namba ya taarifa uliyopewa. Huduma za polisi hazilipiwi.

*Hospitali au kituo cha afya.* Kwa wakazi wa Kilosa mjini ipo Hospitali ya Wilaya ya Kilosa. Kwa wakazi wa Mikumi ipo Hospitali ya Mtakatifu Kizito. Mtoto aliyeumia au aliyebakwa apelekwe kutibiwa kwanza. PF3 inaweza kufuatiliwa huku matibabu yakiendelea. Mwambie mhudumu wazi kilichotokea. Ukisema “ameanguka”, atatibiwa kama aliyeanguka.

*Simu 116.* Hii ni Huduma ya Simu kwa Mtoto, inayoendeshwa na shirika la C-Sema kwa kushirikiana na Serikali. Ni bure na inapatikana saa 24. Anaweza kupiga mtoto mwenyewe, mzazi, mwalimu au jirani. Si lazima uwe na ushahidi kamili. Kazi ya kuthibitisha ni ya wataalamu. Eleza kijiji, kata, umri wa mtoto na unachokiona. Mshauri huunganisha taarifa na afisa ustawi wa halmashauri husika. Kwa hatari inayotokea wakati huo huo, piga polisi 112.

*Shule.* Mwalimu wa malezi na mwalimu mkuu wanaweza kumwita mzazi, kumjulisha mtendaji wa kata na kumlinda mtoto kwa saa anazokuwa shuleni. Kama tatizo lenyewe ni mwalimu, nenda kwa afisa elimu kata au mlango mwingine kati ya hii.

Baba aliyekimbia matunzo

Sehemu kubwa ya mashauri ya utelekezaji ni ya matunzo. Mama asianze kwa kugombana barabarani wala kumtupia baba mtoto kazini kwake. Aende kwa afisa ustawi wa jamii akiwa na cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki ya mtoto na maelezo ya kipato cha baba kadiri anavyofahamu. Afisa humwita baba, na wakikubaliana, makubaliano huandikwa na kusainiwa.

Baba asipofika au asipotekeleza, shauri huweza kupelekwa mahakama ya watoto, ambayo ina uwezo wa kuamuru matunzo. Mama asiyejua kuandika madai anaweza kumwona msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua watu hawa, na huduma yao kwa wasio na uwezo ni bure. Haki ya matunzo ni ya mtoto. Ugomvi wa wazazi, au baba kuoa kwingine, hauifuti.

Yasimalizwe kinyumbani

Kesi nyingi za ukatili wa kingono hufia kwenye kikao cha familia. Upande wa mtuhumiwa unaleta ng’ombe au fedha, wazee wanasema tusivunje undugu, na binti anaambiwa anyamaze. Wakati mwingine anaozwa kwa aliyembaka.

Sheria haitambui suluhu ya aina hiyo. Kumbaka mtoto wa chini ya miaka 18 ni kosa lenye kifungo cha miaka 30, na mtoto akiwa chini ya miaka 10 adhabu ni kifungo cha maisha. Kumlawiti mtoto adhabu yake ni kifungo cha maisha. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari, au anayemuoa.

Zaidi ya sheria, kuna ukweli wa maisha. Mtu aliyelipa ng’ombe mmoja akasamehewa anabaki kitongojini, na watoto wengine wanapita mbele ya nyumba yake kwenda kisimani. Mtoto aliyeumizwa anamwona kila siku, huku akijua kwamba wakubwa waliuza maumivu yake.

Familia ikiamua kufuata sheria, isimamie hadi mwisho. Kesi huanguka mashahidi wasipofika mahakamani. Mtoto aandaliwe, asindikizwe, na nauli ya tarehe za kesi itafutwe mapema, hasa kwa walio mbali. Picha na jina lake visisambazwe kwenye makundi ya WhatsApp hata kwa nia ya kuomba msaada. Zikisambaa zitamfuata mpaka ukubwani.

Adhabu na mzazi aliyechoka

Wapo wazazi watakaosoma haya na kujiuliza kama kofi la jana limewafanya kuwa wakatili. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Mtoto kinakataza mateso na adhabu za kudhalilisha, na kinasema adhabu haiwezi kuhalalishwa ikizidi kipimo kwa umri, mwili na akili ya mtoto, au ikitolewa kwa mtoto asiyeweza kuelewa lengo lake. Anayevunja haki hizi anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh5 milioni, kufungwa kwa muda usiozidi miezi sita, au vyote viwili.

Hata shuleni kuna mipaka: kanuni zinataka viboko visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au aliyemwidhinisha kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Agosti 2018, mwanafunzi wa darasa la tano mjini Bukoba alifariki dunia baada ya kuadhibiwa na mwalimu. Mwanzo wake ulikuwa “kumrekebisha”.

Mzazi anayepiga akiwa na hasira harekebishi, anatua mzigo wake juu ya mtoto. Akiona mkono unatetemeka, atoke nje, anywe maji, amwombe mwenzake au jirani akae na mtoto kwa muda. Adhabu isubiri hasira ishuke: kunyimwa kucheza jioni, kurudia kazi aliyoiharibu, kuomba radhi. Kwa mtoto mdogo, kumwondoa penye hatari na kumweleza kwa maneno machache kunatosha.

Na mzazi anayehisi ameanza kumchukia mtoto wake, au anashindwa kuamka kumhudumia baada ya kujifungua, si mtu mbaya. Huenda ni mgonjwa au amelemewa. Aseme kliniki, kwa mhudumu wa afya wa kijiji, kwa kiongozi wa dini, au apige 116. Namba hiyo ni ya wazazi pia, na anayepiga kabla hajamuumiza mtoto amefanya jambo ambalo wengi huchelewa kulifanya.

Kwa jirani, kazi inaanza na vitu vidogo: kumjua kwa jina kila mtoto wa nyumba zinazokuzunguka, kuulizia asiyeonekana, kumpa uji aliye na njaa, na kumwambia mama aliyelemewa “leo niachie huyu mdogo ukapumzike”. Ukishafanya hayo na bado moyo hautulii, nenda kwa mwenyekiti au piga simu leo. Ukikosea, familia itatembelewa na kuulizwa maswali machache. Ukinyamaza na kumbe ulikuwa sahihi, anayelipa ni mtoto.